Wasomaji wanauliza: Hizi kampeni za mazingira zinamfikia nani?

Mwezi huu maswali mengi yameelemea upande mmoja, misitu, swampu, bomba la mafuta, kavera (mifuko ya plastiki), na karibu kila mtu anauliza jambo lilelile kwa maneno yake, kwamba sisi watu wa kawaida tukiungana kuibana kampuni au serikali kuna kitu kinabadilika kweli au tunajichosha bure. Nimechagua matano. Yale yaliyofanana nimeyaunganisha, msikasirike.

SWALI: Habari za kazi. Mimi ni dereva wa teksi, Kampala–Jinja, msitu wa Mabira naupita kila siku. Juzi kijana alikuja steji akatuomba tutie sahihi kuomba msitu mwingine huko magharibi usikatwe, wenzangu wakamfukuza wakasema sahihi ya dereva haijawahi kuzuia panga hata siku moja. Mimi nilitia. Sasa nauliza, inasaidia kweli? – Dereva, Jinja

JIBU: Kaka, hao wenzako wanapita ndani ya jibu kila siku na hawalioni. Ule msitu mnaosimama Najjembe kununua kuku wa kijiti na gonja ulikuwa uondoke kipande kikubwa. Ilikuwa 2007, serikali ilitaka kutoa hekta kama 7,100 za Mabira, karibu robo ya msitu wote, kwa kampuni ya sukari ya Lugazi, SCOUL, ipande miwa. Wakati huo hakuna wasap, watu walikuwa na simu ndogo za vitufe na meseji, na ni hizo meseji zilizozunguka nchi nzima zikiomba kitu kimoja tu, usinunue sukari ya Lugazi. Hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya. Mama anaenda dukani kununua nusu kilo, anauliza hii sukari ni ya wapi, akiambiwa Lugazi anasema basi nipe nyingine, na mwenye duka akisikia hivo mara kumi kwa siku lazima amwambie anayemletea mzigo, na anayeleta mzigo naye ana bosi wake.

Bungeni kulikuwa na Mheshimiwa Beatrice Anywar, aliyekuwa mbunge wa Kitgum, alisimama mpaka watu wakamwita Mama Mabira. Alafu ufalme wa Buganda na Kanisa la Uganda wakajitokeza wakasema kama shida ni ardhi ya miwa sisi tuna ardhi, chukueni huku, msitu muuache. Mimi naona hilo ndilo liliuma kuliko yote kwa sababu liliondoa kisingizio, huwezi tena kusema wanaopinga hawataki viwanda wala kazi wakati wamekuwekea shamba mezani.

Na siwezi kulificha la tarehe 12 Aprili mwaka ule. Maandamano ya Kampala yaliharibika, watu walikufa, na mmoja wao alikuwa Mhindi ambaye hakuwa na lolote la kufanya na msitu wala sukari, aliuawa kwa sababu ya rangi yake tu. Ule ulikuwa uovu, na kila anayeandaa kampeni leo inabidi aujue kwa sababu hasira ya watu ukiiamsha bila kuielekeza inamwangukia aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi hana kosa.

Ilipofika Oktoba 2007 serikali ikaweka mpango kando. 2011 ukarudishwa tena, watu wakapinga tena, ukakwama tena. Wezi wa mbao na mkaa bado wanaumega Mabira usiku, hilo tunalijua, lakini miwa haikupandwa pale.

Sasa kwa nini sahihi nyingine hazifanyi hivo? Angalia msitu wa Bugoma, huenda ndio huo ulioutilia sahihi. Mwaka 2016 ufalme wa Bunyoro-Kitara ulikodisha maili za mraba 22 kwa kampuni ya Hoima Sugar, NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, ikapitisha ripoti ya mazingira Agosti 2020, na miti ikaanza kuanguka mwaka huohuo. Kampeni ipo, imekuwa na watu wenye bidii sana na kesi mahakamani, sokwe wa pale wamejulikana dunia nzima, na bado sehemu imekatwa. Tofauti naiona hivi, Mabira ilikuwa hifadhi na kila mtu anajua ni ya umma, Bugoma ikaingizwa kwenye ubishi wa ardhi hii ni ya nani, ufalme una hati, serikali inasema hii ni hifadhi, na wakati watu wanabishana karatasi tingatinga linafanya kazi. Tena iko mbali na Kampala na majirani wenyewe wamegawanyika, wengine wanataka kazi ya miwa, na huwezi kumlaumu mtu anayetafuta karo.

Kwa hiyo kaka sahihi yako ina kazi ikiwa huyo kijana anajua anampelekea nani. Siku nyingine akija muulize, karatasi hii inaenda ofisi gani, na huyu anayetaka kukata pesa yake inatoka wapi, nani anamnunulia na nani anamkopesha. Akikujibu vizuri, mwite na wenzako watie.

SWALI: Sisi ni majirani, upande wa Wakiso. Kila usiku malori ya udongo wa murramu yanakuja yanamwaga kwenye swampu yetu, mafunjo yamebaki kipande kidogo tu, kisima tulichokuwa tunachota kimekuwa tope. Wanasema ni ghala la kampuni kubwa. Mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anasema wana makaratasi yote. Hatuna hela ya wakili, tunaanzia wapi? – Majirani wanane, Wakiso

JIBU: Nimesoma hii barua yenu zaidi ya mara moja kwa sababu mmeeleza vizuri na mmeandika kwa pamoja, nyie mmeshaanza tayari.

La kwanza msikubali neno makaratasi likawanyamazisha. Muulizeni mwenyekiti kwa upole, karatasi gani? Hati ya ardhi ni kitu kimoja na kibali cha kujaza swampu ni kitu kingine kabisa, mtu anaweza kuwa na hati na bado hana ruhusa ya kumwaga hata toroli moja ya udongo bila NEMA. Katiba yetu ya 1995 ibara ya 237 inasema swampu, mito, maziwa na misitu ya hifadhi serikali inavishika kwa niaba ya wananchi, yaani ni amana, serikali yenyewe haina ruhusa ya kuviuza. Na kanuni za mwaka 2000 zinataka nafasi ya mita 200 ziachwe kutoka ukingo wa Ziwa Victoria na mita 100 kwa mto kama Nile, hii nawaambia wale wengine walioandika kutoka Entebbe na Njeru maana maswali yenu yalikuwa hayohayo.

La pili, andikeni. Malalamiko ya mdomo yanaisha mtu akifunga mlango wa ofisi. Daftari moja la shule linatosha, tarehe, saa, namba ya lori, upande gani lilimwaga, alafu picha za simu, na picha mpigie mahali palepale kila mara, kwa mfano mkisimama kwenye mwembe uleule, ili mtu asiyejua sehemu yenu akiziweka pamoja aone swampu inavyopungua. Tafuteni na picha za zamani, harusi, mazishi, mtoto anaoga mtoni, popote ambapo maji yanaonekana nyuma. Wazee waulizeni maji yalikuwa yanafika wapi wakati wa masika, yaandikwe na majina yao wakikubali.

Alafu barua. Moja kwa ofisa mazingira wa wilaya, nakala kwa NEMA na kwa LC wote, na hapa msikilize vizuri, nendeni na nakala mbili, moja mnaiacha na nyingine inagongwa muhuri wa kupokelewa na tarehe mnarudi nayo nyumbani. Bila muhuri hamkuandika. Kwenye hiyo barua msiishie kulalamika, ombeni kitu kinachoweza kujibiwa ndio au hapana, je mradi huu una cheti cha tathmini ya mazingira, kilitolewa lini, na tunaomba nakala. Sheria ya kupata habari ya 2005 inampa mwananchi haki hiyo na ofisi ina siku 21 za kujibu. Kuna watu walipigania hili kabla yenu, shirika la Greenwatch lilienda mahakamani kutaka mkataba wa umeme wa bwawa la Bujagali wakati serikali inasema ni siri, na 2002 Mahakama Kuu ikasema ule mkataba ni waraka wa umma. Kwa hiyo mkiambiwa faili ni ya siri mnajua pa kusimama.

Kuhusu wakili. Ibara ya 50 inaruhusu mtu yeyote au shirika kwenda mahakamani kwa ajili ya haki za wengine, huhitaji kuwa mwenye kiwanja. Ilishatumika, msitu wa Butamira kule Jinja ulipotolewa kwa kampuni ya sukari ya Kakira, shirika la ACODE, ambalo halikuwa na shamba pale, lilipeleka kesi na mahakama ikakubali kulisikiliza na ikasema serikali ilivunja ile amana ya wananchi. Kwa hiyo tafuteni mashirika yanayofanya kesi za umma, daftari lenu na zile barua zenye muhuri ndio ada yenu, wakili anayependa kazi yake akipewa faili lililopangwa hivo atasikiliza. NEMA yenyewe ina nguvu ya kutoa amri ya kurudisha mahali kama palivyokuwa kwa gharama ya aliyeharibu, hiyo muiombe kwa jina lake, amri ya urejeshaji.

Na kampuni yenyewe muiandikie. Watu wengi wanaruka hapa wanaenda moja kwa moja serikalini. Ghala kubwa lina mkopo wa benki, lina bidhaa za watu wenye majina, na benki nyingi zinadai kwamba haziwekezi kwenye mradi usio na kibali cha mazingira, basi wapelekeeni hizo picha na waulizeni kama wanajua pesa yao iko ndani ya tope gani.

Jambo moja la kuwaombea nyie wenyewe. Wale vijana wa lori msiwaguse, wanalipwa kwa tripu na hawakuchagua pa kumwaga. Na kama kuna maskini wana vijumba ukingoni mwa hiyo swampu waingizeni kwenye kundi lenu mapema. Mwaka 2024 kwenye swampu ya Lubigi NEMA ilibomoa nyumba za watu na kilio kilikuwa kilekile, kwamba wa mabati anabomolewa na wa kiwanda anabaki, na mimi nakubaliana nao kabisa kwamba sheria ikianzia kwa mnyonge na kuishia hapohapo hiyo sio kulinda mazingira. Kampeni yenu isije ikatumiwa kuwafukuza wao ghala likabaki.

SWALI: Mjomba wangu Kyotera ardhi yake imepitiwa na bomba la mafuta. Anasema hawa wa Stop EACOP, kampeni ya kulipinga hilo bomba, ni kelele za wazungu ambao wao walishachimba yao wakatajirika. Mimi niko upande wa vijana wa kampeni lakini kwa kweli mbele yake nakosa la kusema. – Mpwa mwenye mashaka, Masaka

JIBU: Mjomba wako ana hoja na usimjibu kwa haraka. Ni kweli nchi zilizotajirika kwa mafuta zinatuambia sisi tuyaache chini, na 2022 Bunge la Ulaya lilipopitisha azimio dhidi ya hili bomba watu wengi hapa waliumia, hata ambao hawalipendi bomba lenyewe. Uchungu huo ni wa haki.

Lakini muulize mjomba, kwa heshima, alisubiri fidia muda gani. Maana hapo ndipo kampeni ilipoanzia, kwa watu kama yeye. Walipimiwa ardhi, wakapewa tarehe ya mwisho, kuanzia hapo usipande kahawa mpya, usipande migomba mipya, panda maharage na vitu vya msimu tu, na wengi wakakaa hivo miaka kabla ya kuona shilingi. Mtu wa Kyotera kuambiwa asipande kahawa, hakuna mzungu anayehitaji kumfundisha kwamba hiyo inauma. Na wale waliopeleka kesi Mahakama ya Afrika Mashariki Novemba 2020 yalikuwa mashirika ya hapahapa kwetu, Uganda, Kenya na Tanzania.

Bomba lenyewe ni la kilomita 1,443, kutoka Hoima mpaka bandari ya Tanga, na mafuta yetu ni mazito yanaganda kama samli kwa hiyo linapashwa moto karibu nyuzi 50 njia nzima. Karibu theluthi yake inapita kwenye bonde la Ziwa Victoria. Mtu anayeuliza likipasuka itakuwaje anauliza kuhusu maji anayokunywa yeye mwenyewe.

Kampeni hii ilijifunza kitu ambacho za zamani hazikukitilia mkazo sana, ikaifuata pesa. Mwenye hisa nyingi ni TotalEnergies wa Ufaransa, asilimia 62, wengine ni makampuni ya taifa ya Uganda na Tanzania na CNOOC ya China, na hao wote wanahitaji mkopo na bima. Vijana wakaanza kuziandikia benki moja baada ya nyingine, na nyingi kubwa za Ulaya zikatangaza hazitashiriki, Standard Chartered nayo ikajitoa 2023. Ufaransa kuna sheria ya 2017 inayoibana kampuni kubwa kwa madhara inayoyafanya nje ya nchi, wakaitumia kuishitaki Total kulekule Paris.

Sasa usimdanganye mjomba kwamba wameshinda. Kesi ya kwanza ya Paris ilitupwa Februari 2023 kwa sababu za utaratibu na nyingine ikafunguliwa mwaka uleule. Ya Afrika Mashariki ikatupwa Novemba 2023 kwa sababu ilichelewa, mkataba wa Jumuiya unatoa miezi miwili tu tangu jambo litokee, na hilo naomba kila anayeandaa kampeni alikariri maana kesi nzuri inaweza kufa kwa kalenda. Machi 2025 mradi ukatangaza umepata sehemu ya kwanza ya mkopo, humo wamo Afreximbank, Standard Bank na KCB ya Uganda. Mabomba yanazikwa.

Ila mradi umechelewa na umekuwa ghali, na muda huohuo fidia, makaburi yaliyohamishwa na nyumba mpya vimekuwa vikiangaliwa na macho mengi. Mimi nasimama na hao vijana. Na naamini mjomba wako hata kama anataka bomba lipite anataka alipwe vizuri, maji yake yabaki safi, na pesa ya mafuta ifike hospitali ya Kalisizo, na hayo matatu ni kampeni tosha mnayoweza kuifanya pamoja bila kugombana mezani.

SWALI: Asalaam aleikum. Kavera zimetujazia mitaro, mbuzi zinakula zinakufa. Si zilipigwa marufuku? – Mama, Bombo

JIBU: Waleikum salaam mama. Zile nyepesi zenye unene wa chini ya maikroni 30 zilipigwa marufuku tangu 2009, kabla ya Kenya iliyofunga 2017 na Tanzania 2019, na sisi ndio bado tunafungiwa nazo nyanya. Sheria ipo, wa kuisimamia ndio hayupo, kila ikitaka kuanza wenye viwanda wanaenda kulia kuhusu ajira. Rwanda walifunga 2008 na masoko yao yanafanya kazi. Kwa hiyo msipoteze nguvu kuomba sheria mpya, bana wabunge wenu kwa nini ya zamani imelala, na sokoni kwenu ongea na akina mama wauzaji, kumi wakikubaliana siku moja kwamba mteja aje na kikapu, mteja atakuja na kikapu. Mnaikumbuka Kiteezi, Agosti 2024, lile jalala la Kampala lilipoporomoka likaua watu zaidi ya 30. Plastiki iliyomo kwenye takataka zetu ilitengenezwa na kampuni yenye anwani, tuziandikie hizo anwani.

SWALI: Binti yangu anasoma chuo Kampala ameingia kwenye hizi kampeni za hali ya hewa. Wenzake walikamatwa. Silali. Nimkataze? – Mzazi, Arua

JIBU: Pole mama, au baba, hukusema. Sitakuambia hofu yako ni ya bure. Vijana wengi wamekamatwa Kampala kwa kupeleka tu karatasi ya malalamiko mahali, wakashitakiwa kwa kusumbua umma, wengine wakalala mahabusu siku nyingi. Mwaka 2021 serikali ilisimamisha mashirika 54 na AFIEGO, linalofuatilia mambo ya mafuta, lilikuwemo.

Lakini kumkataza sidhani kama kutasaidia, atafanya na hatakuambia, na hapo ndio hatari inaongezeka. Vanessa Nakate alianza Januari 2019 kusimama barabarani Kampala na ndugu zake wachache wakishika mabango, hakuna aliyemjua, leo anasikilizwa na marais. Binti yako anaona njia iko wazi. Mwambie tu kwamba kampeni ina kazi nyingi na sio zote ni za barabarani, kuna wa kusoma ripoti ya mazingira yenye kurasa mia tano na kuitafsiri kwa lugha ya kijijini, kuna wa kwenda kwenye vikao vya wazi kama vile vya mradi wa mafuta wa Tilenga vilivyofanyika Buliisa na Nwoya 2018 na kuhakikisha mama wa pale anapewa kipaza sauti. Kwa Kilugbara anaweza kufanya kazi ambayo mtu wa Kampala hawezi.

Akiamua kuandamana basi akuambie anaenda wapi na nani, aende na kitambulisho, simu iliyojaa chaji, na namba ya wakili iwe kwako pia. Ibara ya 23 ya Katiba inasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48, hesabu kuanzia saa aliyokamatwa na uiandike. Na bondi ya polisi haina malipo, mtu yeyote pale kaunta akikuomba hela ya bondi muombe risiti.